Ami na ukuta wa Kizimkazi

Nilikuwa bado nasoma chuoni pale Ami aliponichukua kwenda Kizimkazi Dimbani, kusini mwa Unguja. Alikuwa mwashi wa zamani, wa mawe na chokaa, na muda mrefu alitamani kuuona msikiti ule ambao ukuta wake una miaka zaidi ya mia tisa. Tukapanda gari Darajani asubuhi. Tulipopita Kitogani abiria walikuwa wachache, na madumu matupu mengi.

Kwa nje huwezi kuujua. Kuta nyeupe na paa la bati, kama misikiti yetu mingine ya shamba. Sehemu kubwa ilijengwa upya karne ya 18. Ya kale hasa ni ya upande wa kibla, na huko ndiko Ami alikokwama. Maandishi ya Kikufi, mwandiko wa kale wa Kiarabu, yamechongwa kwenye jiwe, yakifuata ukuta hadi ndani ya mihrabu.

"Haya, mwanachuoni, tusomee."

Nikakodoa macho. Herufi hazina nukta, zimesimama kwa pembe, nyingine vichwa vyake vimesukwa. Sikuambulia kitu zaidi ya jina la Mwenyezi Mungu. Mzee aliyetufungulia ndiye aliyetutajia tarehe: Dhulqaada, mwaka 500 Hijria, yaani 1107.

Ami hakujali sana tarehe. Alisogeza uso mpaka karibu agusane na jiwe, akaanza kunisomesha mambo ya kwao. Hili ni tumbawe la baharini, akasema, si jiwe la kuchimba shambani. Likitolewa majini ni laini, patasi inaingia. Likikaa likakauka, huna lako tena. Kwa hiyo aliyechonga pale alikuwa na haraka. Nilitazama ile mistari iliyonyooka na sikuona haraka hata chembe, na nadhani hilo ndilo lililomtesa Ami, maana alinyamaza kidogo kisha akaguna.

Mzee, kama ada ya wenyeji, akatupa hadithi ya mfalme Kizi, aliyemwamuru mwashi aitwaye Kazi ajenge msikiti, na ulipokwisha akamkata mkono asije akajenga mwingine mfano wake.

"Na ujira wake alimpa?" Ami akauliza.

Mzee akacheka, akasema hadithi haikufika huko.

"Basi hakumpa," Ami akajibu. "Nawajua." Akakunja mikono ya shati, akaenda kutia udhu.