Kasha la Risasi

Mabepari wa Venisi, tafsiri ya Mwalimu Nyerere ya mchezo wa Shakespeare, The Merchant of Venice, iliyotoka mwaka 1969, niliisoma kwanza kama kitabu cha siasa, kwa kuwa jina lenyewe lilinituma nimtafute bepari na kumhukumu. Juzi niliifungua tena hapa Dodoma, nikiwa nimeketi Nyerere Square, karibu na sanamu ya mfasiri mwenyewe, na safari hii sikumshughulikia Shylock, yule Myahudi mkopesha fedha, bali yale makasha matatu, la dhahabu, la fedha na la risasi, ambayo kila anayetaka kumwoa Portia, binti tajiri, sharti achague mojawapo, na anayepata lililo sahihi ndiye amwoaye.

Sigmund Freud, mwasisi wa saikolojia changanuzi, yaani uchunguzi wa fikra zilizofichika akilini, aliyaandikia makasha hayo insha mwaka 1913. Kwake, makasha ni wanawake watatu, na yule wa tatu, yaani kasha la risasi, aliyepauka na asiyesema, ni mauti, kwa maana katika ndoto ububu mara nyingi husimama mahali pa kifo. Ndivyo anavyomsoma pia Cordelia katika King Lear, mchezo mwingine wa Shakespeare, binti wa tatu anayekataa kuyapamba mapenzi yake kwa maneno; mzee Lear anapoingia jukwaani amebeba maiti ya bintiye, Freud anatutaka tuigeuze picha hiyo, tuone kwamba mauti ndiyo iliyombeba mzee. Mama amzaaye mtu, mwenzi wake wa maisha, na ardhi itakayompokea: hao ndio watatu, na wa mwisho hakuna amchaguaye kwa hiari, ingawa ung'amuzi bwete, ile sehemu ya akili tusiyoifahamu, hujifariji kwa kumvika sura ya mchumba mzuri.

Nilikuwa na pingamizi. Fuvu limo katika kasha la dhahabu, alikolikuta mwana mfalme wa Moroko. Katika la risasi mna picha ya Portia. Ikiwa hata kinyume cha dai ni ushahidi wa dai, Freud atashindwa kesi lini? (Wanafunzi wa saikolojia changanuzi wamezoea kuulizwa hivyo.) Hata hivyo, lugha yetu ina neno moja kwa madini hayo na kwa kile kitokacho katika mtutu wa bunduki, hivyo msomaji wa Kiswahili anayemwona Bassanio, mchumba anayefaulu, akinyoosha mkono kwenye kasha la risasi huisikia mauti kabla Freud hajafungua kinywa.

Kinachonisumbua bado ni Shylock. Insha inayouchimba ukimya kiasi hicho imeandikwa na Myahudi, lakini Myahudi wa mchezo wenyewe hana nafasi humo, na nikiufuata utaratibu wa Freud, hapo ndipo ningeanza kumchunguza Freud mwenyewe.