Blanketi Halikuwa na Kosa

Nilikuwa najisifu kwamba mwili wangu naujua. Siku zangu zilikuja kila baada ya siku 28, bila kukosea. Nilipofika miaka 44 zikaanza kuja baada ya siku 23, mara 24, na nzito kuliko zamani. Sikushtuka. Akilini mwangu kukoma hedhi ni hedhi kupotea; sasa yangu inazidi, nakomaje?

Shoga yangu mmoja naye akanimalizia kabisa: "Wewe bado mbichi, hayo ni mambo ya bibi zetu." Nikafurahi. Mtu akikuambia unachotaka kusikia, humuulizi ametoa wapi.

Wakati huohuo usiku ulikuwa umeharibika. Saa tisa macho kodo, shingo na kifua vimelowa, nywele zimegandamana kisogoni. Nikalaumu blanketi, nikaliweka kabatini. Nikalaumu shuka, nikanunua la pamba. Nikamlaumu mume wangu kwamba anapumua joto, nikamhamishia ukutani, mwishowe sebuleni. Asubuhi moja akaniuliza kwa upole, "Mama, kitanda chote nimekuachia, bado unalalamika. Sasa anayekuchoma ni nani?" Sikumjibu. Hata kuulizwa siku zile kulikuwa kunaniudhi.

Halafu moyo ukaanza kwenda mbio nimekaa tu. Nikapimwa, mashine ikachora mistari yake, moyo mzima. Silijutii hilo, moyo usibahatishwe. Ninachojutia ni kwamba mahali pengine nilipimwa homoni mara moja tu, nikaambiwa ziko sawa, nirudi nyumbani nikapumzike. Nipumzike vipi na silali?

Ikafika zamu ya hedhi kutoweka. Wiki ya tano, ya sita, ya saba. Nikanunua kipimo cha ujauzito, nikajifungia bafuni kama msichana wa sekondari. Mstari mmoja. Nikakipeleka dirishani, nikakiinamisha, nikavaa miwani. Mmoja tu. Sikuamini, nikanunua cha pili. Kosa langu ni kuacha boksi kwenye pipa la taka. Mume wangu alilikuta, akaja kuketi ukingoni mwa kitanda, boksi mkononi, anahesabu kwa vidole atakuwa na umri gani mtoto akimaliza shule. Vidole vilimwishia. Nilicheka mpaka nikatokwa na machozi, kisha nikalia kweli, bila sababu. Kilio hicho nacho kilikuwa dalili, lakini nani alijua?

Kilichoniokoa ni kalenda. Niliibandika ndani ya mlango wa kabati nikaanza kuandika herufi: H kwa hedhi, J kwa jasho, U kwa usingizi uliokatika, M kwa moyo, N kwa siku niliyonuna. Miezi mitatu tu, picha ikajichora yenyewe: J na U zinatembea pamoja, na N zinarundikana siku chache kabla ya H. Binti yangu aligundua maana ya N, akawa ananiongezea zake kwa kalamu nyekundu. Sikuzifuta. Nyingi zilikuwa kweli.

Nilikuwa nimetimiza miaka 45 nilipompelekea daktari mwingine kalenda hiyo. Aliisoma kuliko alivyonisikiliza mimi. Akasema kwa umri wangu maelezo kama haya yanatosha, maana homoni katika kipindi hiki hupanda na kushuka. Ukipima leo zinaweza kuonekana sawa, wiki ijayo zisiwe. Damu alinipima, lakini kwa kutafuta mengine: upungufu wa damu, kwa vile nilikuwa natokwa na damu nyingi, na tezi ya shingoni, ambayo ikivurugika huleta joto na mapigo ya moyo yanayofanana na haya. Damu kweli ilikuwa imepungua. Akaniambia niko njiani tu. Kukoma kwenyewe huhesabiwa baada ya miezi 12 mfululizo bila hedhi, na njia hiyo inaweza kuchukua miaka. Na damu ikitoka baada ya hiyo miezi 12, hata tone, nirudi haraka.

Kuhusu uzazi wa mpango, aliyekoma kabla ya miaka 50 huendelea nao miaka miwili baada ya hedhi ya mwisho. Mume wangu nilipomweleza, aliitikia haraka kuliko kawaida yake.

Joto bado linakuja. Linaanzia kifuani, linapanda shingoni mpaka masikioni, dakika mbili tatu, kisha linakuachia ubaridi. Siku hizi navaa nguo mbilimbili nyepesi, ya juu naivua bila kuomba radhi. Dawa za homoni zipo na daktari alinieleza. Mimi bado nafikiria.

Sasa nina miaka 47. Nilikuwa nimefikisha miezi minane bila hedhi, natembea kifua mbele, pedi nimegawa. Mwezi wa tisa ikanikuta nimevaa sketi nyeupe. Nimeanza kuhesabu tena kutoka moja.