Folda ya mhasibu na kosa namba 1219

Ingegoma kila siku ningeielewa mapema. Lakini leo inafunguka, kesho inakataa. Folda ya hesabu ipo kwenye seva ya ofisi, kompyuta ya Linux yenye Samba (programu inayoiwezesha kushirikisha mafolda na Windows), na mhasibu wetu anaifungua kutoka kwenye Windows. Asubuhi simu inaita: "Kaka, imekataa tena." Nywila ni sahihi, na kwenye kompyuta ya jirani yake inakubali.

Fundi wa kwanza akasema swichi ya mtandao, ile inayounganisha kompyuta za ofisi, imechoka. Tukanunua nyingine pamoja na kebo, laki na ushee ikaondoka. Wa pili akasema ni virusi, fomati tu. Nikafomati, Jumamosi nzima ikaisha. Jumatatu folda ikafunguka, nikashangilia. Jumanne ikagoma! Mpaka leo inaniuma kwamba hakuna aliyesoma ujumbe uliokuwa wazi kwenye skrini: kosa 1219.

Nikausoma neno kwa neno. Unasema mtu mmoja haruhusiwi kuunganishwa na seva moja kwa majina mawili ya mtumiaji. Jina la pili limetoka wapi? Nikafungua dirisha la amri, nikaandika net use, amri inayoorodhesha miunganisho iliyopo. Hilo hapo! Folda ya skana, kwenye seva ileile, imeshaunganishwa kwa jina la "skana". Akianza siku kwa kuskani risiti, hesabu zinamkatalia. Akianza na hesabu, skana ndiyo inayokataa, naye anadhani mashine imeharibika. Jumatatu ile hakuwa na risiti hata moja.

Sasa ujanja ninaojivunia. Ukiita seva kwa jina na pia kwa namba ya IP (anwani yake kwenye mtandao), Windows huhesabu seva mbili tofauti. Nikamwambia afunge mafaili yote, nikakata miunganisho kwa net use * /delete (usiikimbilie kama mtu ana kazi hajaihifadhi). Folda ya hesabu nikaiacha kwa jina la seva, ya skana nikaiunganisha kwa \\192.168.1.10. Zote mbili zikafunguka kwa pamoja, dada wa watu akapiga makofi.

Wiki iliyofuata nikamwingiza kwenye kundi la watumiaji wanaoruhusiwa folda ya skana, huko huko kwenye seva, sasa anatumia jina lake moja kila mahali. Ile swichi "iliyochoka" nimeifunga mapokezi. Inafanya kazi vizuri kabisa.