Goli la Tshabalala na jiwe la Samweli

Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Neno letu wiki hii ni 1 Samweli 7:12, "Hata sasa BWANA ametusaidia."

Wanaonijua wanajua mimi na mpira, basi nivumilieni. Tarehe 11 Juni 2010, mechi ya kwanza kabisa ya Kombe la Dunia kwenye ardhi ya Afrika, Afrika Kusini na Mexico pale Soccer City. Kipindi cha kwanza Mexico walitukimbiza kwelikweli (ndio nasema walitukimbiza, siku ile Afrika nzima tulikuwa Bafana, yaani timu ya Afrika Kusini), kipa wetu Khune akaokoa akaokoa. Halafu dakika ya 55 kiungo wetu Dikgacoi anapenyeza pasi kushoto, mwenzake Tshabalala anaifukuzia, anaingia kwenye boksi, anapiga mguu wa kushoto mpira unapanda mpaka kona ya juu upande wa pili, kipa anaruka bure, vuvuzela zote zinalia kwa pamoja na wachezaji wamejipanga karibu na kibendera wanacheza. Mimi nilikuwa mbele ya tivii na nililia, nikashikana na watu nisiowajua hata majina.

Sasa mnajua ilivyoendelea. Dakika ya 79 Márquez wa Mexico akasawazisha. Mwishoni Mphela wetu akagonga mwamba. Kisha Bafana wakafungwa 3-0 na Uruguay, wakaifunga Ufaransa 2-1 na bado wakatoka kwa tofauti ya magoli, wenyeji wa kwanza kutolewa hatua ya makundi. Lakini muulize yeyote aliyeliona lile goli kama furaha yake ilikuwa ya uongo.

Hapo ndipo nabii Samweli ananigusa. Anasimamisha jiwe kati ya Mispa na Sheni wakati mambo hayajaisha. Nyuma yake kuna kipigo kile cha sura ya 4, Wafilisti waliwapiga Israeli na sanduku la agano likatekwa. Mbele yake, ambako siku ile hakuweza kupaona, Wafilisti watarudi siku za mfalme Sauli na Sauli mwenyewe atafia mlima Gilboa. Na yeye anasema tu hata sasa, mpaka hapa tulipofika, Bwana ametusaidia. Biblia haisemi popote kwamba baada ya Gilboa watu walikwenda kuling'oa lile jiwe.

Sisi makanisani tumezoea ushuhuda uliokamilika, kazi imepatikana, mgonjwa amepona, mtoto amezaliwa, ndio tunasimama. Mwenye ushuhuda wa nusu anakaa kimya, na yule ambaye jambo lake liliharibika baadaye anakaa kimya zaidi, anaona hata ile shukrani ya mwanzo ilikuwa kujidanganya. Mimi siamini hivyo. Kama mama yako alipata miezi mizuri kabla ugonjwa haujarudi, akala, akacheka, akakuombea kwa sauti yake, ile miezi Mungu aliitoa kweli na kilichofuata hakiifuti. Unaweza kulia kwa kilichofuata na bado ukaishukuru, Mungu wetu anapokea vyote viwili, Zaburi zimejaa hayo.

Kwa hiyo kwenye ibada ya wiki hii naomba tuache muda wa shuhuda ambazo hazijaisha na zile zilizoishia pabaya. Usianze kwa kutafuta namna ya kuzimalizia vizuri, wewe sema Bwana alikusaidia wapi, ikifika pa kulia lia, tupo.