Mkonga bila kitabu cha sevisi, anza na belti

Jamani Land Cruiser mkonga yenye injini ya 1HZ ukiikuta inauzwa na haina kitabu cha sevisi usiikimbie, ile ni dizeli ya lita 4.2, silinda 6, haina mambo mengi ya umeme, ila ina taiming belti, ule mkanda unaofanya valvu zifunguke kwa wakati wake, na ikikatika valvu zinagonga pistoni, kwa hiyo muuzaji hata akuapie ilibadilishwa juzi we badilisha tu. Mi naingia uvunguni na tochi, nacheki kutu kwenye chesisi, halafu nafungua boliti ya oili ya difu ya nyuma, yale magia ya katikati ya ekseli, nachovya kidole, ikitoka nyeupe kama maziwa ujue maji yameingia, pengine ilivushwa mtoni. Na lazima uiwashe ikiwa ya baridi! Muuzaji anayeipasha moto kabla hujafika namwogopa sana, maana injini ya moto inaficha shida ya kuwaka.