Ndiyo, Nashona Mito kwa Mapazia ya Mitumba Hapa Bradford

Juzi niliweka kwenye grupu la familia picha ya mito ya sofa niliyotoka kuimaliza. Hata sijaweka simu chini, binamu yangu akaandika: "Yaani umevuka bahari yote hiyo ukashone mitumba?" Zikafuata emoji za kucheka. Shangazi, ambaye nilikuwa nimemwamkia asubuhi ile ile, akamalizia kwa kusema niangalie nisije nikaaibisha ukoo. Sikujibu pale kwa sababu ya heshima yake. Nimekuja kujibu hapa, maana najua wenye mawazo hayo si ndugu zangu peke yao.

Tuanze na hiyo mitumba. Sote tumevaa. Suti za maharusi wetu zimetoka soko la Karume, Dar es Salaam, mapazia ya sebule nyingi yametoka Ilala, na mtu akipata koti zuri anatamba nalo mtaa mzima. Uingereza ni miongoni mwa nchi zinazouza nje nguo zilizovaliwa kwa wingi sana duniani. Watu hapa wanapeleka nguo na vitambaa vyao kwenye maduka ya hisani, yale yanayouza vitu vilivyotolewa sadaka, na visivyonunuliwa vinafungwa mabelo na kupakiwa melini. Ni jambo zito kiasi kwamba marais wetu walilikalia kikao mwaka 2016 na kukubaliana mitumba iwe imeondoka Afrika Mashariki ifikapo 2019. Rwanda ikashikilia kupandisha ushuru, na mwaka 2018 Marekani ikajibu kwa kuisimamishia nafuu ya kuingiza mavazi bila ushuru. Mimi ninachofanya ni kukifikia kitambaa kabla hakijaingia kwenye belo. Nachagua mchana, kwenye mwanga, sigombani na mtu.

Na mnajua niko mji gani? Bradford, kaskazini mwa Uingereza, ndiko sufu nyingi ya dunia ilikokuwa inasokotwa na kufumwa. Bomba la moshi la kiwanda cha Lister, pale mtaa wa Manningham, lina urefu wa karibu mita 76 na bado limesimama. Walifuma hariri na mahameli humo, mpaka mahameli ya kutawazwa Mfalme George V mwaka 1911. Wafanyakazi walipokatwa mishahara waligoma majira yote ya baridi ya 1890 kuingia 1891, wakashindwa, na hasira ile ilichangia kuzaliwa kwa chama cha siasa cha wafanyakazi, Independent Labour Party, hapa hapa Bradford mwaka 1893. Leo kiwanda kimegeuzwa makazi ya watu. Waliokulia jirani na kiwanda cha nguo cha Urafiki pale Ubungo wataelewa ninachohisi nikipita chini ya ukuta ule. Ndiyo maana nikikuta pazia zito la mahameli limekunjwa kwenye kikapu cha duka la hisani, bei pauni 8, siwezi kuliona takataka.

Pazia la namna hiyo jua huwa limelipausha kwenye mikunjo. Wengi wanaliacha. Mimi nafumua pindo la chini kidogo nitazame ndani, kwa sababu humo rangi huwa bado ni ile iliyotoka nayo kiwandani. Kisha nalishika juu ya dirisha nione palipokonda. Nalowesha kitambaa cheupe cha pamba, nakikandamiza kwenye kona, nione kama rangi inachuja. Sufu ina mtihani wake: nondo. Blanketi au koti la sufu haliingii chumba changu cha kushonea kabla ya kufungwa kwenye mfuko wa plastiki na kukaa wiki mbili kwenye friza, mayai na viwavi vife. Kila kitambaa kinafuliwa au kusafishwa kabla ya mkasi kukigusa. Kikisubiri kurudi, yaani kusinyaa, baada ya kushonwa, mto wote unakwenda kombo.

Mahameli ina upande inaolalia. Pitisha kiganja, utahisi inateleza ukienda huku na kukataa ukirudi. Vipande vyote vikatwe vikilalia upande mmoja, la sivyo mito miwili ya pazia moja itaonekana ya rangi mbili. Ukiweka vipande viwili uso kwa uso chini ya sindano vinatembea, kwa hiyo piga bandi kwa mkono kwanza, usitegemee pini. Pasi usiiweke usoni kabisa. Geuza kitambaa, kilaze juu ya kipande kingine cha mahameli, upitishe mvuke tu.

Kuhusu vipimo, mafundi wengi wa nyumbani wanashona foronya sawasawa na mto wa ndani, ndiyo maana inalegea baada ya mwezi. Mto wa ndani ukiwa sentimita 50, foronya iishe 47 au 48. Kwenye pembe ingia ndani kidogo kidogo unapokaribia kona, zisije zikasimama kama masikio. Piga ovaloki kingo zote, maana kitambaa cha zamani kinachambuka haraka. Mgongo wa mto naupenda wa kitani, na hapa mashuka ya kitani ya bibi zao bado yanapatikana, mengine yana herufi za jina zimetariziwa kwa uzi mwekundu pembeni ili yasipotee kwa dobi. Herufi hizo sizikati. Naziweka chini ya zipu, mwenye mto azikute siku ya kufua.

Kanga ninazo, na watu wanazitaka sana. Kanga mpya siikati, hilo nimekataa. Nakata iliyochoka, yenye tundu au iliyopoteza mwenzake, na nakata kwa namna ambayo jina linabaki zima mbele ya mto.

Sasa bei. Mto mmoja nauza pauni 38, na hapo ndipo binamu yangu akacheka zaidi. Mto wa ndani wa manyoya ya bata nanunua mpya kwa pauni 9. Zipu, uzi, sehemu ya pazia, sehemu ya kodi ya meza sokoni. Halafu kazi ya saa mbili, na nikijilipa kima cha chini cha hapa, ambacho kuanzia Aprili 2025 kilikuwa pauni 12.21 kwa saa, faida inayobaki ni ndogo mno. Kuna mteja alishika mto wangu, akauliza kama kitambaa nimekileta kutoka Afrika, kisha akasema atanipa pauni 10. Meza ya jirani, mama wa vyungu vya udongo, hakuna aliyeomba apunguze hata senti. Nilimweleza yule bwana kwamba ile ni mahameli ya kwao, nikamwonyesha bomba la Lister kwa kidole. Akaondoka. Iliniuma siku nzima, na bado inaniuma. Mkono wangu haupungui thamani kwa sababu ya rangi yake.

Jioni ile ile alikuja bibi mmoja mjane na mfuko wa makoti ya marehemu mumewe. Moja lilikuwa Harris Tweed, ile sufu ambayo kwa sheria yao ya 1993 lazima ifumwe majumbani mwa wafumaji kule visiwa vya Outer Hebrides. Aliomba mito mitatu, mmoja kwa kila mtoto. Niliacha mifuko ya koti mahali pake, na safu ya vifungo vya mbele ndiyo ikawa mahali pa kufungulia. Alipokuja kuichukua aliingiza mkono kwenye mfuko wa mto, akakaa kwenye kiti changu, akanishika mkono muda mrefu. Alilipa bei niliyotaja, na wiki iliyofuata akanitumia wateja wawili.

Kwa mnaouliza kuhusu sheria: ujazo wa ndani si wa kuokoteza. Mei 1979 duka la Woolworths la Manchester liliungua, wakafa watu 10, na godoro za sofa za wakati ule ndizo zilizotoa moto wa kasi na moshi wa sumu. Kanuni za 1988 zinataka ujazo wa mito inayouzwa uwe umepita vipimo vya moto. Foronya yangu ni ya mtumba. Cha ndani ni kipya na kina lebo. Mauzo yakizidi pauni 1,000 kwa mwaka wa kodi, unajisajili. Na mwenye viza ya mwanafunzi asiuze hata mto mmoja, kwa sababu haruhusiwi kujiajiri.

Kuna dada wa Mbagala ameniandikia anataka kuuza cherehani zake mbili amlipe wakala, aje kulea wazee kama nifanyavyo mimi siku za kazi. Mdogo wangu, Uingereza ilifunga kuajiri wahudumu wa wazee kutoka nje tangu tarehe 22 Julai 2025. Anayekuuzia nafasi hiyo leo anakuibia. Usimpe hata shilingi. Hizo cherehani ziwashe kesho. Nenda Ilala utafute mapazia ya mahameli na mashuka mazito. Kitani utakijua kwa ubaridi wake mkononi, mikunjo mikali, na nyuzi zisizo na unene mmoja. Ukiwa na shaka nipigie picha ya karibu, kwenye mwanga wa dirisha, tuangalie pamoja kabla hujalipia.