Choo changu cha rangi ya mlenda

Mafundi watatu niliowaita wanipendezeshee choo walikuja na neno moja: vunja. Wa tatu hata hakuingia. Alichungulia mlangoni, akagonga ukuta kwa kidole, akasema, "Hapa dada, bila kuvunja hamna kitu." Mimi ni mpangaji. Nivunje nyumba ya mtu, kwa hela ya nani?

Nyumba iko Nkuhungu, hapa Dodoma. Bafu na choo ni humohumo, ukinyoosha mikono unagusa kuta zote mbili. Kuna sinki la kuchuchumaa, bomba la mvua, pipa la maji kwenye kona kwa sababu mgao wetu haueleweki, na marumaru za rangi ambayo nimeitafutia jina miaka miwili nikalipata mezani: mlenda uliolala. Si kijani, si kahawia. Baba mwenye nyumba anazipenda kweli. Siku ya kunionyesha nyumba alizipapasa akaniambia alizichagua mwenyewe.

Ushauri mbaya kuliko wa mafundi niliupata kazini: karatasi za kubandika, zile zenye gundi nyuma. "Unabandua, unabandika, kwisha." Nikanunua za maua ya waridi pale Majengo, kama elfu arobaini na kitu, nikabandika Jumamosi nzima huku naimba. Jioni bafu lilikuwa bustani. Nikapiga picha, nikaweka stetasi, nikapongezwa.

Jumatatu akaja baba mkwe mdogo kutoka Kondoa, ana mambo yake ya kufuatilia mjini. Nikampashia maji, ndoo nzima, ya moto hasa, maana baridi ya Julai ya Dodoma unaijua. Hazikupita dakika tano nikasikia kishindo cha kopo, kisha sauti: "Nani? Nani humu?" Mvuke ulikuwa umebandua ua zima la ukuta wa nyuma, likamwangukia mgongoni kwa upande wa gundi. Macho yamejaa sabuni, haoni, anahisi tu kitu kimemkumbatia. Mume wangu hayupo. Mimi mkwe, niingie vipi? Nikabaki nje ya mlango napiga kelele, "Ni maua baba! Ni maua tu!" Naye ndani, "Maua gani yanashika mtu?"

Alitoka kimya, amevaa vizuri, na petali moja ya waridi imeng'ang'ania nyuma ya sikio. Hakuna aliyethubutu kuitaja. Akala chakula chote nayo.

Nilipobandua zilizobaki ndipo nikaona kosa langu. Upande wa gundi ulikuwa mweupe, kama umepakwa unga. Maji yetu ya visima yana chumvi, na kila yakikauka ukutani yanaacha utando, sabuni nayo inaongezea wake. Gundi ilishika utando, ukuta haikuugusa kabisa. Na mimi nilikuwa nimeupangusa kwa kitambaa chenye maji hayohayo!

Kwa hiyo nikaanza na siki. Chupa mbili, bei ya soda. Ukutani unapaka, unaacha kidogo, unasugua. Koki ndiyo ilinishinda, imevaa ukoko kama wa sufuria ya wali. Kwenye video walisema uifunge mfuko wa plastiki uliojaa siki. Mifuko yenyewe imepigwa marufuku tangu Juni 2019, nikaitoe wapi? Nikachukua soksi ya shule ya mwanangu, ile iliyobaki moja kila siku, nikailoweka siki, nikaivisha koki na kuibana kwa mpira wa nywele. Asubuhi ukoko ulitoka vipande vipande kwa kucha. Koki inang'aa, sikujua hata kama ilikuwa ya rangi ya fedha. (Siki na jiki visikutane, tafadhali. Hewa inayotoka inakaba koo, na bafu dogo halina pa kukimbilia.)

Ukuta ulipotakata, mlenda ukabaki mlenda. Hapo ndipo nilipoacha kushindana nao. Nilirudi Majengo na kipande cha marumaru mfukoni, kilichovunjika nyuma ya mlango, nikawa nakiweka juu ya khanga moja moja. Muuzaji aliniangalia kama mgonjwa. Nyekundu ilikataa, bluu ikakifanya kionekane kichafu. Ilipofika ya njano ya embe yenye pindo la zambarau iliyoiva kama zabibu zetu, kile kipande kikabadilika pale pale mkononi. Kikaonekana kitu mtu alichokitaka.

Na jina lake: HARAKA HARAKA HAINA BARAKA. Nikalipa bila kuomba kupunguziwa.

Nilivuta waya kutoka nondo ya dirisha hadi kwenye bomba, nikatundika khanga kuziba kona ya pipa. Kazi ilikuwa urefu. Nilichuchumaa, mwanangu akashika chaki, akaweka alama pale macho yangu yalipofika, tukakunja juu mpaka maandishi yakakaa pale pale kwenye alama. Aliyesimama haoni kitu. Ukishachuchumaa, methali hiyo hapo usoni. Wageni wanaingia na haraka zao, kidogo unasikia mtu anacheka peke yake chooni.

Shoga yangu wa Tanga alijaribu, khanga ikaota ukungu. Hapa kwetu hewa kavu, ikiloa asubuhi mchana imekauka. Miezi ya mvua naitoa nje mara moja moja.

Vingine vidogo: taa nyeupe ya hospitali nimeibadilisha na ya mwanga wa njano, elfu tatu au nne, kioo cha mtumba kiko kwenye msumari wa zamani, mkabala na dirisha. Na kwa kuwa khanga inauzwa doti, kipande cha pili najifunga mwenyewe. Nikitoka kuoga mume wangu anauliza kama nimetoka na pazia.

Wiki iliyopita baba mwenye nyumba alikuja kusoma mita, akaomba kuingia msalani. Akakaa. Nikasikia kicheko. Alipotoka aliushika ukuta, akaupapasa kama siku ile ya kwanza.

"Unaona mama?" akasema. "Marumaru nzuri ni nzuri tu. Nilichagua mwenyewe hizi."